Wajukuu wa Bibi (Iringa)

*Frank:* Jumapili kwa Bibi tunakula saa ngapi? Shemeji Deo aje na kitambulisho, Uhamiaji wako Ipogolo 😂😂

*Upendo:* 😂😂 anarudishwa Burundi na sahani mkononi

*Frank:* Na samaki wa migebuka awapitie hukohuko Kigoma

*Dada Rehema:* Frank, futa.

*Frank:* Dada, utani tu bwana. Mbona Wakenya tunawasema humu kila siku?

*Dada Rehema:* Wakenya wanakujibu, tena wanakuumiza. Mume wangu akujibu nini?

*Mjomba Lukas:* Frank, kaa nikueleze. Wangoni wanatuambia sisi Wahehe tunakula mbwa. Tulipomzika babu yako, Mngoni mmoja aliingia kaburini akalala, hatoki mpaka apewe hela. Na sisi tukienda misibani Songea tunawafanyia vilevile. Tulipigana nao karne ya 19, hakuna aliyemmaliza mwenzake, ndipo tukataniana. Wewe kwao Deo utalala kaburi la nani?

*Upendo:* Mjomba 😂😂 ila kweli

*Dada Rehema:* Baba mkwe aliingia nchi hii 1972, kabebwa mgongoni. Kakulia kambi ya wakimbizi ya Mishamo, kalima tumbaku mpaka kazeeka, uraia kapewa 2014 pamoja na wenzake zaidi ya 160,000. Deo kazaliwa hapahapa. Bado siku anafuatilia kitambulisho, ofisi moja wakamuuliza babu yake kazikwa wapi. Kwa sauti, foleni nzima inasikia. Alirudi nyumbani hakula. Sasa wewe unamletea Uhamiaji na vikatuni vya kucheka.

*Frank:* Sikujua hilo la foleni. Lakini na yeye juzi kaniita mla mbwa, mbona sikununa?

*Mjomba Lukas:* Hiyo ruksa, kaoa kwetu.

*Dada Rehema:* Na mla mbwa hashushwi kwenye basi kuulizwa uraia.

*Bibi:* 🎤 0:41

*Mama Upendo:* Bibi anasemaje? Simu yangu haifungui sauti.

*Upendo:* Anasema wakati paa linavuja ni Deo aliyepanda juu, sisi tulituma pole. Chakula saa saba. Na Frank aje na mkaa.

*Frank:* Mkaa tena? Haya, nimefuta. Ila migebuka nilikuwa namaanisha kabisa, jamani.

*Shemeji Deo:* Niliona kabla hujafuta. Migebuka ipo, dada yangu anakuja na basi la Ijumaa. Tuma hela kwanza.