Bila takwimu za kabila, tutawaelezaje wanafunzi wakazi wa Dar es Salaam walitoka wapi?

Mwalimu wa Jiografia

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha kidato cha tatu, na mada iliyo mbele yetu ni uhamaji wa watu kwenda mijini. Nimeuchagua mji wa Dar es Salaam kwa sababu karibu kila mwanafunzi wangu ana ndugu huko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, ilhali sensa ya mwaka 1967 ilikuta mjini watu wapatao 273,000 tu, na ongezeko la namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa uzazi peke yake. Tatizo ni kwamba sensa hiyo ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, kwa hiyo mwanafunzi akitaka kujua ni akina nani hasa walioujaza mji, sina jedwali la kumwonyesha. Naomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, watu hao walifika kwa mfuatano gani? Pili, kwa nini Waafrika hawakujitenga kila kabila na mtaa wake, wakati maeneo yaliyokuwa ya Wahindi na ya Wazungu yanatambulika hadi leo?

Mkazi wa Ilala

Mwalimu, anza na wenyeji. Kabla Sultan Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na watu wa eneo lile walikuwa Wazaramo pamoja na Washomvi wa pwani. Majid alifariki mwaka 1870, na mji wake ukadorora mpaka Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Tangu hapo serikali yenyewe ikawa inaleta watu kutoka mbali, wakiwamo askari wa Kinubi kutoka Sudan na askari kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association iliyoundwa mwaka 1929, alikuwa mtoto wa mmoja wa hao waliotoka Msumbiji, na mwanawe Abdulwahid alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU mwaka 1954. Wape wanafunzi mfano huo: ukoo ulioletwa na jeshi la mkoloni ulishiriki, katika kizazi cha tatu tu, kuanzisha chama kilichomwondoa mkoloni.

Reli ya Kati ndiyo iliyofungua bara. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa njia hiyo Waluguru, Wanyamwezi na Wamanyema waliokuwa na asili ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wakapata njia rahisi ya kuja kutafuta kazi bandarini na mjini. Warufiji na Wandengereko hawakuhitaji reli, kwa kuwa kwao ni jirani. Wachaga na Wahaya wengi walifika baadaye na kwa mlango mwingine, kwani shule za misheni za kwao ziliwaandaa mapema kwa ukarani, ualimu na utumishi wa serikali.

Binti Gerezani

Nijibu swali la pili, maana ndilo lililo karibu na moyo wangu. Wajerumani na baada yao Waingereza waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: eneo la nyumba za Kizungu, eneo la biashara lililokuwa Uhindini, na eneo la Waafrika, yaani Kariakoo, mahali ambapo Waingereza walikuwa wameweka kambi ya wapagazi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye karatasi kanuni zilitaja aina ya jengo, lakini kwa vitendo zilitenganisha watu kwa rangi, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi kati ya Uhindini na Kariakoo. Ndani ya Kariakoo, hata hivyo, mitaa haikugawanywa kwa makabila. Mtaa wa Nyamwezi upo, lakini asidhani mtu kwamba ulitengwa kwa ajili ya Wanyamwezi.

Kazi iliyobaki ilifanywa na nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili tunayoijua ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo cha wote. Mwenye nyumba hubaki na chumba kimoja au viwili, na vingine hupangisha kimoja kimoja. Mpangaji huingia kwa sababu chumba kimekuwa wazi na kodi anaimudu, na wala haulizwi ametoka wilaya gani; ndiyo maana Mluguru hulala ukuta mmoja na Mmakonde, na wake zao wakapeana zamu ya kufagia uani na kuosha choo, wakaazimana mkaa na chumvi, wakaleleana watoto. Lugha ya uani ni Kiswahili, na mtoto aliyekulia hapo huenda asijue lugha nyingine yoyote. Wapangaji wakigombana, mwenye nyumba husuluhisha yeye, bila kusubiri mzee wa kabila la mtu yeyote.

Utani nao ulisaidia sana. Mnyamwezi aliyefiwa ugenini, hana ukoo wa karibu, alikuwa na watani wake Wazaramo wa kufika msibani, kusaidia kazi za mazishi na kumtoa huzuni kwa mizaha. Ushabiki wa mpira ukapita njia hiyo hiyo: Yanga iliyoanza mwaka 1935 na Simba iliyoanza mwaka 1936 ziliwagawa watu wa mtaa mmoja, hata wa nyumba moja, kwa jambo ambalo halikuwa kabila.

Mzawa wa Kisarawe

Dada hapo juu amesema kweli kuhusu nyumba, lakini Mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba kabila liliyeyuka. Vyama vya kikabila vilikuwapo, kikiwamo cha Wazaramo, na vilisaidiana katika maradhi na mazishi. Mpaka leo kila Desemba mabasi ya Moshi hujaa Wachaga wanaokwenda kula sikukuu nyumbani, na wengi wa jamii za bara husafirisha maiti kuzika kwao hata kama marehemu aliishi mjini maisha yake yote.

Linaloniuma zaidi ni la wenyeji. Mji ulipanuka kuelekea Mbagala, Kimara, Tegeta na Kigamboni, na mashamba mengi ya minazi na mikorosho yaliyokuwa ya Wazaramo yakauzwa kipande kwa kipande. Mzee alipokea fedha mara moja, akaoza mabinti, akaezeka bati, na baada ya miaka michache wanawe wakawa wapangaji kwenye ardhi ya babu yao. Uhamaji una anayekuja na una anayesogezwa, na huyu wa pili hana safu yake katika jedwali lolote. Kisha kuna waliorudishwa kwa nguvu: kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata mjini watu wasio na ajira rasmi na kuwapeleka vijijini, na wengi walirudi.

Mpita Kisutu

Kuhusu Wahindi, tafadhali waelezwe kama jamii nyingi: Waismailia, Wabohora, Mabaniani, Waithnaasheri, Wagoa, kila moja na nyumba yake ya ibada. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na kwa kuwa wamiliki wengi walikuwa Waasia, familia nyingi zilihamia Uingereza na Canada. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 wanamuziki wa Kongo walikuwa wanahamia kwetu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika mwaka 1978 na akabaki mpaka alipofariki mwaka 2010. Kituo cha daladala cha Sinza bado kinaitwa kwa Remmy.

Mwalimu wa Jiografia

Nashukuru sana. Je, kuna takwimu yoyote ya sasa ninayoweza kuitumia darasani?

Mkazi wa Ilala

Ipo, Mwalimu. Sensa zetu huuliza mahali pa kuzaliwa, na kutokana na majibu hayo unaweza kuona ni mikoa ipi inayotoa watu wengi kuja Dar es Salaam. Waonye wanafunzi tu kwamba mtoto wa Wahaya aliyezaliwa Temeke atahesabiwa kuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, kwa hiyo jedwali linaonyesha safari ya kizazi kimoja.

Uweke pia mkoa wa Pwani kando ya Dar es Salaam. Kati ya 2002 na 2012 Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, lakini kati ya 2012 na 2022 kasi ilishuka hadi asilimia 2.1, huku Pwani ikipanda kutoka watu milioni 1.1 hivi hadi kupita milioni 2. Wanaotafuta kiwanja cha bei nafuu sasa wanavuka mpaka wa mkoa, wakajenga Kibaha na Mkuranga, na asubuhi wanapanda basi kuja kazini mjini.