Hita ya maji: nimtengenezeshe fundi au ninunue ya dukani?

Mwana_Fuoni: Assalaam alaykum. Kipupwe kimeingia, na mama yangu mtu mzima, anaamka kutawadha kabla ya alfajiri anatetemeka. Nataka kumtilia hita. Fundi anasema ataingiza elementi, ile koili ya kuchemshia, ndani ya kipande cha bomba, maji yapite humo yatoke moto. Au ninunue shawa ya umeme Darajani?

Kusi: Waalaykum salaam. Mbona hujasema lolote? Elementi ya wati ngapi? Bomba la chuma au plastiki? Nyumba ina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini?

Mwana_Fuoni: Wati 3500. Maji ya tangi, liko juu ya choo. Bomba sijamuuliza.

Kusi: Muulize leo. Wati 3500 kwa lita 3 kwa dakika, joto linapanda kama digrii 16, kwa kuoga yanatosha. Lakini hapo ni ampea 15 na ushei. Soketi haifai, vuta waya wa peke yake wa milimita 4, wenye breka yake.

BintiJangombe: Kaka, achana nayo! Kwetu alitutengenezea fundi, bomba la plastiki, swichi ukutani. Siku moja mdogo wangu anaoga, tangi likaisha maji, akatoka kwenda kuangalia pampu na swichi kaiacha. Tulisikia mlio chooni, mvuke umejaa, bomba limelegea kama mshumaa na kiungo kimechomoka. Akaenda kuufunga mfereji, umeme ukamtupa mlangoni. Ethi haikuwepo. Mkono ulivimba wiki nzima. Alhamdulillah yu hai.

Kusi: Pole sana. Nusu lita ya maji yaliyosimama huchemka ndani ya dakika moja kwa wati hizo. Lazima iwepo swichi inayowasha maji yakipita tu, kikata joto, na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30.

Mchakechake: Hata ya dukani itakufa mapema ikiwa maji ni ya kisima. Maji ya mawe ya matumbawe yana chokaa, elementi hufanya ganda jeupe. Mie naisugua kwa ndimu.

Mwana_Fuoni: Na TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, je, haitakula yuniti?

Mchakechake: Dakika 10 hazifiki yuniti moja. Feni ya usiku kucha ni karibu hivyo hivyo.

BintiJangombe: Feni gani hiyo? Yangu hainywi hivyo.

Somo_wa_Makunduchi: Wanangu, mnasahau jambo. Mtu akitawadha hufungua mfereji kidogo tu. Maji yakipita kidogo si yatakuwa moto zaidi?

Kusi: Naam, Bi Somo. Lita 1 kwa dakika, joto linapanda digrii 50. Yatamuunguza.

Somo_wa_Makunduchi: Basi mtilie maji moto kwenye chupa ya chai usiku, uweke na kata pembeni.

Mwana_Fuoni: Kuoga je, Bi?

Mchakechake: Kwa kuoga, shawa ya dukani. Soma boksi kwanza, nyingine hazifanyi kazi kwa tangi lisiloinuliwa juu sana. Kuna anayejua Wete wanauza breka hizo za miliampea 30? Chake nimezikosa.