Naomba ushauri: viza ya Schengen ya haraka kwa ajili ya mama

Ndugu zangu, habari za leo. Niko Moshi. Mdogo wangu anayeishi Hamburg, Ujerumani, amelazwa kutokana na matatizo ya ujauzito, na madaktari wanafikiria kumzalisha kabla ya wakati. Anamhitaji sana mama, ambaye pasipoti anayo ila hajawahi kusafiri nje ya nchi.

Ninafahamu kwamba maombi ya viza ya Schengen (viza ya muda mfupi ya kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) hushughulikiwa kwa siku 15 na yanaweza kuchukua hadi 45, kwamba ada ni yuro 90, na kwamba bima ya safari isipungue yuro 30,000. Hayo tumejipanga. Kinachoninyima usingizi ni miadi ya kuwasilisha maombi Dar es Salaam, kwa kuwa mama lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Je, barua ya hospitali ya Hamburg inaweza kumpatia nafasi ya mapema?

Halafu kuna uthibitisho kwamba atarudi. Mama ni mjane, anaishi kwa ndizi na kahawa katika kihamba cha ukoo huko Marangu, ardhi isiyo na hati, na akiba yake iko kwenye kikoba cha akina mama, si benki. Shemeji anashughulikia barua ya udhamini huko Ujerumani, lakini je, barua ya mtendaji wa kijiji na daftari la kikoba vitapokelewa, na ni lazima vitafsiriwe? Aliyewahi kumwombea viza mzazi wa kijijini, tafadhali anieleze aliwasilisha nyaraka zipi hasa.