Viwanda vya unga wa lishe Dodoma, acheni kukusanya unga wenye sumukuvu kimya kimya!

Wakuu, huu mtindo umetuchosha. Majibu ya maabara yakitoka mabaya, gari la kiwanda linapita madukani Majengo, Chang'ombe, Area C, kijana anashuka, anakusanya mifuko ambayo haijafunguliwa na kuondoka. Mwenye duka akiuliza anaambiwa "tunabadilisha mzigo tu, bosi". Hakuna karatasi wala sababu. Mzazi aliyenunua kilo mbili juzi haambiwi neno, na jioni anamkorogea mtoto uji uleule.

Tunaongelea sumukuvu hapa, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mazao, hasa ile inayoitwa aflatoksini. Unga wa lishe mwingi wa huku kwetu una mahindi na karanga ndani yake, mazao mawili yanayoongoza kwa kushika sumu hiyo. Viwango vya Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa aina yake kali zaidi, B1, peke yake. Huwezi kuionja wala kuinusa, na uji ukichemka hata nusu saa sumu inabaki. Kanda hii haina ruhusa ya kusema haijui: mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Yale yalikuwa mahindi ya majumbani, na mkulima hakuwa na maabara. Kiwanda kina majibu mezani halafu kinanyamaza!

Kinachoniuma kuliko vyote ni unga wa kupima, kwa sababu wenye viwanda wanajua vizuri unavyouzwa. Mfuko wa kilo 25 ukifika dukani unafunguliwa na kumiminwa kwenye ndoo. Mteja anapimiwa nusu kilo au robo kwenye kifuko kisicho na maandishi. Namba ya bechi inabaki kwenye mfuko mtupu, na mfuko mtupu unaishia kufungia mkaa. Ndoo ikikaribia kuisha, muuzaji anamimina mzigo mpya juu ya mabaki. Kwa hiyo hata gari likishapita na kukusanya mifuko yote mizima, unga mbovu bado umo ndani ya ndoo, na sasa umechanganyika na wa bechi nyingine. Ukitangaza "rudisheni bechi namba fulani" kwa watu waliopimiwa, hujamwambia mtu kitu. Tangazo la bidhaa kama hii linataka majina ya maduka na tarehe za kuuzwa: aliyenunua duka fulani kati ya tarehe hii na ile, arudishe, arudishiwe hela yake bila kudaiwa risiti ambayo hakupewa. Na ndoo imwagwe yote, ioshwe, ikaushwe, ndipo mzigo mpya uingie.

Hesabu yenyewe haihitaji mhasibu. Chukua bechi ya mifuko 200 ya kilo 25. Ghalani imebaki 30, kwa hiyo 170 imetoka. Gari likirudi na mifuko 60, kuna 110 haijulikani ilipo. Hizo ni kilo 2,750. Kwa gramu 50 za unga kwa bakuli, ni mabakuli 55,000 ya uji wa watoto. Kiwanda kinachofunga faili baada ya kurudisha 60 kimeamua kwamba hayo mabakuli hayakihusu.

Halafu ile mifuko 60 inaenda wapi? Hapa ndipo wengi hawaulizi. Inakaa ghalani bila kutengwa, bila kufuli, bila alama nyekundu. Baadaye inachanganywa kidogo kidogo na unga mzuri ili kipimo kishuke. Kuchanganya hakuui sumu, kunaigawa kwa watoto wengi zaidi. Au inauzwa kwa bei ya kutupa kama chakula cha mifugo. Ng'ombe wa maziwa akila aflatoksini B1, sehemu yake inatoka kwenye maziwa kama aflatoksini M1 ndani ya siku moja au mbili, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Tahadhari hiyo ni kwa pumba pia: ukikoboa, sumu nyingi inaondoka na ganda na kiini, kwenye sembe inapungua, pumba inabaki imejaa.

Utetezi wao wa kila siku ni "tulipima tena, ikawa safi". Mlipimaje? Kuvu hashiki punje zote sawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, kwa hiyo ukichota kiganja kimoja juu juu utapata jibu lolote unalotaka. Karanga na mahindi vinatakiwa kuchomwa bambo (kile chuma cha kuchotea sampuli ndani ya gunia) magunia mengi, juu, katikati na chini, sampuli zote zichanganywe, zisagwe zote, ndipo ichukuliwe ya kupima. Na ipimwe kabla kiwanda hakijasaga mzigo wenyewe. Mahindi yaliyopokelewa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5 yakirundikwa ghalani yanaendelea kuota kuvu, hata kama yalikuja na cheti kizuri.

Msiseme haiwezekani kutangaza. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilitaja hadharani chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na dunia haikuisha. Hapa kwetu usalama wa chakula uko Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019. TBS wapewe taarifa siku majibu yanapotoka, redio za mkoa zitangaze, wenyeviti wa mitaa wabandike, na kliniki za watoto zijulishwe kwanza kabla ya wengine wote.

Mzazi mwenye unga wa wasiwasi: usiwape kuku. Ufunge vizuri, uandike duka na tarehe uliyonunua, mpelekee afisa afya wa kata. Mtoto akiwa na macho ya njano, tumbo limejaa au anatapika, kimbia hospitali na huo unga mkononi.

Na nyie wenye viwanda mnaosoma hapa, wekeni hapa chini: tarehe za uzalishaji, orodha ya maduka, majibu ya maabara, kilo zilizorudi, na zimeteketezwa wapi mbele ya nani.