Tupeane uzoefu: ukija Belgrade, ufikie mtaa gani?

Msafiri wa Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa na watu wanne, kila mtu kivyake: "Nakuja Belgrade, nifikie wapi?" Ukisema unakwenda Paris au London, hukosi binamu wa kukuelekeza. Serbia haina binamu wengi. Anayekuja huku amekuja kwa masomo, mkutano au kazi, na anafika usiku na begi lake bila mtu wa kumpokea. Nimeishi hapa miaka sita na nimehama nyumba tano, ng'ambo zote mbili za mto. Nitaanza mimi, na wengine waliopita huku waongeze yao.

Kwanza mji ulivyokaa. Mto Sava unaingia Danube chini ya ngome ya Kalemegdan. Upande wa ngome ndio mji mkongwe: Dorćol, Vračar, Savamala, Skadarlija. Wenyeji wana msemo, "krug dvojke", yaani mzunguko wa tramu namba 2. Ukilala ndani ya mzunguko huo wanakuhesabu uko katikati ya mji. Ng'ambo ya Sava ni Novi Beograd, mji uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili juu ya ardhi ya kinamasi. Humo maghorofa yamepangwa kwa bloku zenye namba, kwa hiyo mtu anakwambia anakaa Bloku 45 na kila mtu anajua ni wapi. Ukiendelea kaskazini unafika Zemun.

Metro hakuna. Mabasi na tramu za mji ni bure kwa kila mtu tangu tarehe 1 Januari 2025, wageni nao wamo. Ndiyo maana siku hizi simshauri mtu alipie chumba ghali katikati ya mji kwa kuogopa nauli. Kinachokula siku yako ni daraja. Asubuhi na jioni madaraja ya Sava yanaziba, na basi la dakika kumi na tano linakuwa la saa nzima. Kwa hiyo uliza shughuli yako iko ng'ambo ipi, ulale ng'ambo hiyohiyo.

Sasa yangu. Nilifika Januari, nikapanga Dorćol kwa kufuata picha: dari refu, milango ya mbao iliyochongwa, dirisha linatazama miti. Ndani kulikuwa na sanduku la chuma kama friji fupi, wao wanaliita TA peć. Tumboni mwake mna matofali. Usiku, umeme unaposhuka bei, matofali hayo yanapashwa moto, halafu mchana kutwa yanatoa joto polepole. Mwenye nyumba alinikabidhi ufunguo akaondoka. Mimi nikafanya kama nyumbani: kabla ya kulala nikazima kila kitu. Asubuhi nikaweka kiganja juu ya lile sanduku, baridi kama jiwe la mtoni, na nje theluji inaanguka. Ilibidi ningoje usiku mwingine ndipo lipate moto tena. Nilishinda siku nzima nimevaa koti ndani ya nyumba, nimejifunika blanketi, nasikia jirani akicheka ukutani.

Tangu hapo, mtu akiniuliza mtaa mzuri, namuuliza kwanza anakuja mwezi gani. Kuna nyumba zinazopata joto kwa mabomba kutoka mtambo wa mji, na msimu wake ni kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili. Novi Beograd karibu yote imeunganishwa. Mji mkongwe ni bahati, jengo hili linayo, la pili yake halina. Mwandikie mwenye nyumba neno moja tu, "centralno?", akijibu "da" umepona.

Haya, karibuni.

Mrundi wa Buyenzi

Asante ndugu kwa kufungua uzi. Mimi nataka niongee juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu ilinitesa.

Nilikuja 2022, wakati sisi Warundi tulikuwa tunaingia Serbia bila viza. Njia ile ilifungwa Oktoba mwaka uleule. Tulikuwa watatu, tukapata chumba cha bei ya chini, tukalipa mwezi mzima mkononi. Hakuna aliyetuambia kwamba mgeni yeyote lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na anayemwandikisha ni yule aliyempa mahali pa kulala. Hotelini wanakufanyia wenyewe ukikabidhi pasipoti. Nyumba ya mtu ni lazima mwenyewe akubali. Ile karatasi wanaiita "beli karton".

Tulipomwomba, yule mwenye nyumba alisema kesho. Kesho ikawa wiki. Baadaye akasema wazi hataki, maana akituandikisha serikali itajua anapangisha. Tukapoteza pesa yetu ya mwezi mzima. Tulihamia hosteli ndogo karibu na soko la Zeleni Venac, vitanda sita chumba kimoja, lakini dada wa mapokezi alituandikisha jioni ileile na kila mtu akapewa karatasi yake mkononi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nifike. Bila karatasi hiyo ukisimamishwa unaweza kutozwa faini, na ukitaka kuomba kibali cha kukaa, hapo ndipo wanapoanzia.

Nawaomba sana wandugu: usitoe hata dinari moja kabla mtu hajakuandikia kwa maneno yake kwamba atakuandikisha. Weka ujumbe huo usipotee.

Mama wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum wanangu.

Mimi nilikwenda kumtazama mwanangu anayesoma huko, nikakaa miezi miwili, Agosti na Septemba. Nilimwambia, nitafutie pahala niwe karibu na msikiti. Belgrade yote umebaki msikiti mmoja wa zamani, Bajrakli, upo mtaa wa Gospodar Jevremova huko Dorćol ya juu. Ulijengwa na Waturuki kwenye mwaka wa 1575 hivi. Ni mdogo, wa mawe, una mnara mmoja, na umebanwa na majumba. Mwaka 2004 walikuja watu wakautia moto, ukatengenezwa tena. Nilipoingia mara ya kwanza nikanusa yale mazulia, machozi yakanitoka. Watu wa kila rangi walikuwamo. Mwenye kutaka kusali humo kila siku, Dorćol ya juu ndiyo pahala pake, miguu tu inatosha.

Ila mwanangu alisahau magoti ya mama yake. Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne bila ya lifti. Ngazi sabini na nne, nilizihesabu, za mawe, katikati zimelika kwa miguu ya watu wa miaka mia. Nikishuka kwa sala ya adhuhuri, basi nangoja hadi alasiri ndipo nipande, siwezi mara mbili. Kwa hivyo mnaowaleta wazee, ulizeni ngazi. Na mjue kitu kimoja, wana ghorofa wanayoiita "visoko prizemlje". Imeandikwa kama ya chini, lakini una ngazi saba nane za kupanda mwanzo. Hiyo inafaa kwa mtu mzima, maana dirisha lako linakuwa juu ya vichwa vya wapita njia, na mlango haukuchoshi.

Chakula muulize muuzaji, nguruwe huko ni kitoweo cha kila siku. Mimi asubuhi nilikuwa nikila burek, andazi lao la tabaka, ya jibini, "sa sirom", na mtindi wa kunywa. Mwezi wa Septemba jirani yangu, bibi wa makamo yangu, alikuwa akichoma pilipili boga nyekundu kibarazani, gunia zima, akizimenya kwa mkono na kuzisaga. Akaniletea chupa ya ile ajvar na mkate. Hatukuwa na lugha, tulikaa jikoni kwake tukashikana mikono.

Binti Likoni

Mimi nilienda kwa mkutano wa siku nne pale Sava Centar, mwezi wa Juni. Sikuwa nimejua hayo mambo ya ng'ambo. Nikaona Savamala iko karibu na mto, nikafikiria kwetu, mto na upepo na utulivu, nikalipa siku zote nne.

Savamala ni mahali pa vijana wa kukesha. Muziki ulianza saa tano usiku, ukanyamaza jua likitoka. Kitanda kilikuwa kikitetemeka, nyinyi, glasi ya maji mezani inatetemeka. Na asubuhi Sava Centar iko upande ule mwingine, basi limekwama darajani. Siku ya pili niliingia ukumbini mzungumzaji wangu wa kwanza ameshamaliza, na mimi ndiye niliyekuwa nimtambulishe kwa watu. Hilo bado linaniuma.

Na msidhani kuvuka kunatosha. Kandokando ya mto, pande zote mbili, kuna mashua kubwa zilizofungwa gati, zinaitwa splavovi, nazo ni kumbi za muziki. Wakati wa kiangazi chumba kinachotazama maji si lazima kiwe cha kulala.

Usiku wa tatu dada mmoja mwenyeji alinichukua akanipeleka Zemun. Jamani Zemun! Zamani ulikuwa mji mwingine kabisa, chini ya Austria, na mpaka wa dola mbili ulipita hapo majini. Uliingizwa Belgrade mwaka 1934. Nyumba fupi za vigae, njia nyembamba za mawe zinapanda hadi mnara wa Gardoš, chini Danube imetanda pana kama bahari, na wazee wanavua samaki kwa ndoano. Usiku nilisikia mbwa tu. Basi namba 84 linakushusha Zeleni Venac. Nikirudi Belgrade, silali penginepo.

Mgeni wa Mbeya

Nawasoma kwa makini sana. Mimi ninakuja Novemba kwa wiki tatu, mafunzo ya kazi, karibu na Slavija. Bajeti si kubwa na nataka jiko, siwezi wiki tatu za mikate. Ugali unawezekana?

Msafiri wa Tanga

Mkuu, kwa Slavija tafuta Vračar. Unatembea kwa miguu, na lile kanisa jeupe la Mtakatifu Sava lenye kuba kubwa utaliona ukiwa mbali, huwezi kupotea. Soko la Kalenić liko humohumo: mboga, mayai, maharage ya kupima kwa kilo. Ugali upo. Wao wana kačamak, ni ugali wa unga wa mahindi ya njano wanaoula na jibini. Tafuta pakiti iliyoandikwa "kukuruzno brašno".

Novemba usisahau swali la joto. Jingine ni maji ya kuoga. Nyumba nyingi zina tangi dogo la umeme bafuni, bojler, na swichi yake mara nyingi iko nje ya mlango wa bafu. Washa mapema usubiri, na mkiwa wawili mwachie mwenzio maji. Beba na adapta, soketi zao ni za matundu mawili ya duara.

Mwanachuo wa Lubumbashi

Bandugu, miye ni mwanafunzi hapa, mwaka wa tatu. Nilikuja na ufadhili wa masomo wa serikali ya Serbia, ule wanaotoa kwa nchi zisizofungamana na upande wowote. Mwaka wa kwanza unajifunza Kiserbia tu.

Kwa mwanafunzi, bweni kwanza. Studentski Grad ya Novi Beograd ndiyo kubwa, na iko na uhai wake, usiku hukosi mtu wa kukuazima chumvi. Lakini nataka niwaambie juu ya bweni lingine. Linaitwa Patris Lumumba. Siku niliyoona jina lile limeandikwa ukutani kwa herufi zao za Kisirili, nilisimama barabarani. Lumumba aliuawa kwetu Katanga, Januari 1961. Habari ilipotangazwa Februari, watu wa Belgrade waliingia mitaani, wakavamia mpaka ubalozi wa Ubelgiji. Septemba mwaka huohuo mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana ulifanyika hapahapa. Sikuwahi kufundishwa hayo shuleni.

Baadaye nilitaka kupanga nje ya bweni. Hapo sitawaficha. Kwa simu, wakisikia namna ninavyotamka, wengine walisema chumba kimechukuliwa, na kesho yake tangazo bado liko. Iliniuma sana. Chumba nilikipata Karaburma kwa mama mmoja wa miaka themanini na kitu. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kongo. Akaweka mkono kifuani akasema, "Lumumba." Alikuwa binti wa shule wakati ule, na aliandamana. Nimekaa kwake mwaka wa pili sasa, aliniandikisha polisi siku ya kwanza, na kila Jumapili supu yangu iko mezani.

Kwa wanaokuja kukaa muda mrefu: msitegemee matangazo peke yake. Nendeni mlangoni na mtu anayewajua, waone uso wenu.

Mgeni wa Mbeya

Nimepata Vračar. Mama mwenye nyumba amejibu usiku huu: centralno ndiyo, kuniandikisha atanifanyia, ghorofa ya pili. Ila nikifika saa tano usiku, mlango nitaujuaje?

Msafiri wa Tanga

Mwombe picha ya kengele za mlangoni. Mara nyingi hutakuta namba za vyumba pale, utakuta majina ya ukoo yamepangwa kwenye orodha, na huenda yote yakawa Kisirili. Jina la mwenye nyumba wako wa leo linaweza lisiwemo. Binafsi niliwahi kusimama mvuani nikitafuta jina la mtu, kumbe kengele ilikuwa na jina la marehemu baba mkwe wake. Akikutumia picha, iweke wazi kwenye simu kabla hujatoka uwanja wa ndege. Basi A1 litakufikisha Slavija. Ukiamua teksi, usimfuate anayekushika begi: kabla hujatoka nje kuna dirisha wanakokupa kikaratasi chenye bei ya mtaa unaokwenda. Waandikie "Vračar".