Mume asipopokea simu roho inanitoka, ni malezi au ni mie tu?

binti_wa_wete: Assalaam alaykum jamani. Mie nimelelewa na bibi Pemba, mama alikuwa Unguja anatafuta riziki, anakuja sikukuu halafu anaondoka na meli alfajiri mie bado nimelala na hakuna anoniambia. Sasa nimeolewa tunakaa Mwanakwerekwe, mume wangu hana baya lakini kila baada ya magharibi yuko kwa mama yake, anakula huko huko hata kama nimepika, nikipiga asipopokea moyo unanienda mbio naona ndo nishaachwa. Akirudi namnunia. Jee ni malezi haya au nna maradhi ya wivu?

karafuu_kavu: Pole dada. Kulelewa na bibi si tatizo wallahi, huku kwetu nani hajalelewa na bibi au halati. Kuna mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth, miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda vijiji vya karibu na Kampala anaangalia akina mama na watoto wachanga, akaona mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, na wale mama walokuwa wanaweza kumuelezea mtoto wao kwa undani, akilia anataka nini, kinachomtuliza nini, watoto wao ndo walotulia zaidi. Mwaka 1987 wataalamu wengine wawili, Hazan na Shaver, wakaandika kuwa hata mapenzi ya wakubwa yanakwenda kwa mtindo huo. Kwa hiyo kwa mawazo yangu kilokuumiza si bibi, ni kule kuamka ukakuta mama hayupo na hukuagwa.

mtoto_wa_mjini: Namtetea shemeji kidogo. Mie kila jioni lazima nipite kwa bi mkubwa Mwembetanga, nisipoonekana ataniulizia mpaka msikitini. Kuoa hakumtoi mtu kwa mama yake. Lakini kula huko na mke kapika, hapo hapana, anywe chai arudi kula kwake.

Bi_Somo: Mwanangu usinune, ukinuna ataona kwa mama yake ndo kwenye raha. Mngoje akiwa katulia umhadithie hayo ya mama yako kama ulivyotuandikia, maana mwenzio pengine anadhani unamuonea choyo mama yake. Muombe kitu kimoja tu, akitoka aseme anarudi saa ngapi, akichelewa atume meseji. Na siku nyengine mfuatane, uchukue mkate wa kumimina umpelekee mavyaa wako ukae nae jikoni mzungumze, akishakuzoea mwenyewe ndo atakaemfukuza mwanawe arudi kula kwa mkewe.