Mjadala: Je, aliyeharibu ini kwa pombe anyimwe ini jipya?

Hoja iliyo mezani ni kwamba mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa na pombe asipandikizwe jingine mpaka akae miezi sita bila kunywa, na ndugu mmoja wa mtaa wa Katuba ameongeza kwamba hata akimaliza miezi hiyo asipandikizwe, kwa kuwa amejitakia. Naelewa uchungu wake, maana hapa Lubumbashi lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, imeacha wajane wengi, lakini napinga hoja zote mbili.

Sharti la miezi sita lina sababu moja nzuri ya kitabibu: wapo ambao ini lao hupata nafuu wakiacha pombe, hata wasihitaji tena upasuaji. Lakini mwenye homa kali ya ini ya pombe, ambaye macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji na dawa zimeshindwa, hana miezi sita ya kungoja. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji, wakiongozwa na Philippe Mathurin wa Lille, walitangaza habari za wagonjwa 26 wa namna hiyo waliopandikizwa bila kungojeshwa. Baada ya miezi sita asilimia 77 walikuwa hai, na kati ya wagonjwa wa kulinganishwa nao ambao hawakupandikizwa asilimia 23 tu. Waliorudia pombe baadaye walikuwa 3. Ni kweli kwamba walichaguliwa kwa uangalifu mkubwa, wenye jamaa za kuwashika mkono, nami nasema hicho ndicho kipimo kinachofaa.

Ndugu huyo amemtaja George Best, mchezaji mpira aliyepandikizwa ini London mwaka 2002, akarudia kunywa, akafariki mwaka 2005. Mfano huo ni wa kweli na unauma, ila hauwezi kuwafungia mlango wengine wote.

Tena huko Ulaya maini mengi hutoka kwa marehemu na wagonjwa wengi huyangojea pamoja katika orodha, hivyo swali la nani atangulie lina uzito wake. Sisi wagonjwa wetu wenye uwezo huenda India, ambako aghalabu sehemu ya ini hukatwa kwa ndugu aliye hai. Nimewahi kuketi katika mkutano wa jamaa ambapo wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana kiwanja kipi kiuzwe, na binti ambaye damu yake ilipatana na ya baba alikuwa akigawa chai, wala hakuna aliyemuuliza anaonaje. Huyo ndiye wa kulindwa kwanza. Sehemu ya ini inayobaki hukua tena, lakini upasuaji wenyewe unaweza kumuua mtoaji mzima wa afya, na sheria ya India ya mwaka 1994, inayoruhusu ndugu wa karibu kutoa, haiwezi kujua ni nani aliyeshurutishwa nyumbani. Aulizwe peke yake, na daktari asiyemtibu baba yake, na akikataa siri yake itunzwe.

Baba naye atibiwe uraibu kabla na baada ya safari, kwa sababu atameza dawa za kuzuia mwili usilikatae ini hilo maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara hapa hapa. Jamaa ielezwe gharama hiyo kabla kiwanja hakijauzwa.